Niliwaambia bwawa la Kansay lina sumu, wakanipa kikombe ninywe

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi. Hii siongezi chumvi, na aibu yote ni yangu.

Mimi ni dereva wa watalii hapa Karatu, Mchaga wa Rombo, mdomo ninao. Low season hii nikapata kazi ya kumwendesha Dada Neema, mtafiti wa maji. Anapima sumu ya mwani, ule utando wa kijani unaotanda bwawani joto likizidi. Inaharibu ini.

Tulipofika Kansay akanionya, "Kaka, wewe chota tu. Maelezo niachie mimi." Akarudi kwenye gari kupanga barafu ya kuhifadhia sampuli.

Mimi huyo! Glovu mkononi, vichupa vimepangwa, nimechuchumaa kama daktari. Wenyeji wakaja kunywesha ng'ombe. Mama Paskalina, ambaye ndama wake alikufa jana yake, akaniuliza kuna nini.

Nikatoa sauti ya kuongozea wazungu: "Mama, haya maji yana sumu!"

Wote wakageukia vichupa vyangu.

Mzee mmoja akauliza, "Nani kaweka?"

Wakuu, hapo nikajua nimeyakoroga. Kwa wale wazee sumu haiji yenyewe, ina mtu wake. Na mgeni mwenye vichupa pale alikuwa mmoja tu.

Nikasema hakuna aliyeweka, imeota yenyewe. Wakacheka kwa hasira. Mzee akachota kikombe, kijani tupu. "Kama hujaweka, kunywa."

Jamani! Nikikataa, mimi ndiye niliyeua ndama. Nikinywa, ini kwaheri. Magoti yakagongana, jasho likanitoka, nikaanza kusali kwa Kirombo ambacho hata sikijui vizuri.

Mama Paskalina akanitazama weee. "Ndama wangu kafa jana, huyu kaja leo. Mwacheni. Lakini mmeona anavyotetemeka? Maji mazima hayaogopwi hivyo."

Akawageuza ng'ombe wake wawili waliobaki, akawaswaga kwenda bombani. Wengine wote wakamfuata, na yule mzee na kikombe chake.

Neema anafika mbio na mabango yake ya elimu, hakuna hata mbuzi.

Nilichojifunza: anza na samadi inayosombwa na mvua hadi bwawani, na jua linalootesha mwani. Neno sumu liweke mwisho, na uwe karibu na gari.

Wiki ijayo tunaenda bwawa lingine. Neema ameniuliza kama naweza kutetemeka tena.

Nimjibu nini, wakuu?