Hitima za Kila Mwezi Uani Kwetu

Bizari nyembamba ikigusa mafuta ya moto, hata leo, mimi hujisikia msaliti. Wenzangu husikia njaa tu.

Nilikuwa na miaka tisa, tunakaa Kariakoo, nyumba yenye ua mkubwa. Mama alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha kina mama cha kuzikana, chenye masufuria manne makubwa na mikeka tele. Ikatoka amri: vikundi vyote vivunjwe, mali zao zikabidhiwe ofisi ya tawi la chama, na atakayekusanya watu bila kibali atawekwa ndani. Hayakuwa maneno matupu. Mume wa jirani yetu Bi Tatu, kuli wa bandarini aliyeuliza swali moja tu mkutanoni, alikuwa na mwezi wa tano gerezani bila kesi.

Mimi nilikuwa chipukizi hodari wa chama: wa kwanza kuimba, wa mwisho kuelewa. Balozi wetu wa nyumba kumi aliponiuliza kina mama wanakutania wapi siku hizi, nilimjibu kwa sauti ya darasani: "Kwetu, Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri!"

Ijumaa akaja na mgambo wawili. Akakuta ua umejaa mabuibui, juzuu mikononi, masufuria yote manne motoni.

"Mkutano gani huu, Bi Zuhura?"

"Hitima, shemeji," mama akasema. "Ya bibi yake Bi Tatu."

"Kafa lini?"

"Kabla ya vita vya Mjerumani. Kwani una haraka naye?"

"Nimefuata masufuria."

"Yabebe. Ila pilau iliyomo ni ya marehemu, utamweleza mwenyewe."

Mgambo mmoja alikuwa ameshavua buti. Balozi akasimama, akatazama huku na huku, mwisho akapokea juzuu. Alisoma, akala sahani mbili, akaondoka mikono mitupu. Mama hakuwahi kuuliza nani aliyesema.

Tangu hapo kila mwezi tulikuwa na hitima, ingawa mchele wenyewe ulitafutwa kwa tochi. Mababu wa mtaani kwetu walipokwisha, kina mama wakaazima wa mtaa wa pili. Nilitandika mikeka, nikapanga sahani, nikawalilia watu nisiowajua. Nilikuwa chuo kikuu, kichwa kimejaa nadharia za ukandamizaji, ndipo nilipong'amua kwamba kati ya dua na pilau walikuwa wakipangiana zamu: nani ampelekee mume wa Bi Tatu chakula, nani akakae mlangoni kwa mkuu wa gereza mpaka ajibiwe. Yule bwana alitoka hai.

Nikamwuliza mama kikundi chao kilivunjwa lini hasa.

"Nani kakwambia kilivunjwa?" akasema. "Wewe mwanachama mzima, huna habari?"