Siku Tatu Milimani

Mkwe wangu alipopata kazi ya kufundisha huko Kanada, alisema kabla hawajaondoka twende wote Lesotho, milimani, siku tatu, watoto wajifunze kuteleza kwenye theluji. "Waanguke hapa karibu na nyumbani," alisema, "kabla hawajaenda kuanguka mbele ya wenye theluji yao." Yeye ni Mkenya, na utani wake huwa unachelewa kidogo kueleweka.

Wao walikuwa wakiishi Westville, mimi niko South Beach, ghorofa ya saba, mitaa miwili ya Durban. Si mbali, lakini binti yangu ni muuguzi wa zamu, mumewe ana wanafunzi wake, na watoto wana shule. Tulikuwa tukikutana kanisani Jumapili, halafu kila mtu kwake. Kwa hiyo theluji haikunishughulisha. Nilichotaka ni zile siku tatu: kuamka nyumba moja na wajukuu zangu wawili na kusali nao asubuhi kabla hawajashika simu. Baada ya hapo wangeondoka, na hakuna aliyejua ni lini ningewaona tena.

Shida ilikuwa likizo ya Julai. Durban nzima na Johannesburg nzima hupanda milimani wiki hizo. Mkwe wangu alikaa mezani kwangu na kompyuta yake, akipiga simu huku na huku.

"Wamejaza. Hapa pia wamejaza. Mum, hawa watu walianza kulipia tangu Krismasi!"

Mjukuu wangu mkubwa alikuwa na wasiwasi mwingine. "Koko," aliniuliza, maana kwetu koko ndiye bibi, "utavaa suruali?"

Katika kanisa letu akina mama hatuvai suruali, na mimi ndiye mkubwa wao. Nilikuwa nimeshamuuliza mchungaji. Aliniambia Mungu anajua baridi. Binti yangu akaniletea suruali nene ya buluu, nikaijaribu chumbani, nikatoka nayo. Walicheka mpaka mdogo akalala chini.

"Mama, uko kama fundi wa bandari," binti yangu alisema.

Wakati bado tunacheka, mkwe wangu akapiga kelele. Kuna watu walikuwa wameacha nafasi yao, nyumba ndogo ya vyumba viwili, upande wa Lesotho. Akaanza kujaza fomu haraka kabla haijachukuliwa.

"Mum, nisomee namba ya pasipoti."

Nikaenda kuchukua mfuko wangu wa plastiki. Ndani yake kuna karatasi ya ukimbizi, imekunjwa mara nne. Niliikunjua mezani. Mkwe wangu akaacha kuandika.

Binti yangu alifika nchi hii akiwa msichana, ameshika sketi yangu. Baadaye alipata karatasi za kudumu, kisha pasipoti. Mimi nilibaki nafuata foleni yangu ya wakimbizi. "Mama," alisema, "nilisahau." Na mimi pia nilikuwa nimesahau. Miaka mingi watu wananiita Mama kanisani, sokoni, kwenye lifti, na hakuna anayeniuliza karatasi. Nilipanga safari ya kuvuka mpaka kama mtu mwenye nchi.

Kibali cha kusafiri kinaweza kuombwa, lakini huchukua miezi. Kuvuka bila hicho ni kujiweka katika hatari ya kutoruhusiwa kurudi. Mkwe wangu alitafuta tena nyumba upande huu wa mpaka. Zote zilikuwa zimejaa.

"Koko, si useme tu wewe ni wa hapa?" mdogo aliniuliza.

"Ningesema, mwanangu. Wangetaka kuona karatasi."

Binti yangu akafunga kompyuta. "Tunaacha. Tutakaa hapa, tutaenda beach."

Nilitamani kusema ndiyo. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini niliwaona watoto wakiangalia meza, na nikaogopa kwamba kitu watakachobeba kunihusu hadi Kanada ni safari iliyokufa kwa sababu yangu. Nikasema waende, na nikamshukuru Mungu kwa nyumba iliyopatikana.

Binti yangu alinifuata jikoni. "Wewe mama, kila kitu ni asante Mungu. Kasirika hata mara moja!"

"Nilikasirika zamani," nikamwambia. "Ilinichosha."

Hakucheka.

Kwetu hakuna anayesafiri kabla mzee hajaombea gari. Asubuhi ya safari walipita kwangu, nikashuka, nikaweka mikono juu ya boneti. Niliomba kwa muda mrefu. Niliombea tairi, breki, mifupa ya watoto, kisha nikarudia breki. Mkwe wangu akasema amina, nami nikaendelea. Akasema amina tena, kwa sauti. Nilikuwa najua kwamba nikinyamaza wataondoka.

Waliponipigia simu walinionyesha mlima mweupe. Mdogo alikuwa ameumia kidevu na alikuwa anajivunia.

Waliporudi zilibaki siku tisa, na zote zilikuwa na kazi: chanjo, masanduku, kuuza gari. Nilienda kuwasaidia kufunga vyombo, na kila jioni mtu alinirudisha South Beach, kwa kuwa vitanda vilikuwa vimeshauzwa. Hatukulala nyumba moja hata mara moja.

Ninashukuru kwa mengi, na sisemi hivyo kwa desturi. Lakini juu ya siku zile tatu sijaweza kushukuru. Nimemwambia Mungu hivyo kwa maneno yaya haya, asubuhi nyingi, na bado ninaenda kusali.