Ndoana Zisizo na Chambo

Usiku wa Jumatatu Mto Mkondoa uliguruma mara moja, kama lori linalomwaga kokoto. Asubuhi, kwenye duka la vifaa hapa Kilosa, nilimkuta mzee mmoja mfugaji, suruali imelowa hadi magotini, akiomba ndoana kubwa kuliko zote.

"Shikamoo, mzee. Hizi ni za samaki wa baharini," muuzaji akasema. "Mto wetu una kambare tu."

"Marahaba. Nipe tatu, na mshipi usiokatika."

"Na chambo?"

"Sihitaji."

Tukacheka. "Kambare wako atakuja kwa heshima tu!" mteja mmoja akasema.

Mzee hakugeuka. Alizifunga ndoana zote pamoja, zikatazama pande tatu, akaongeza chubwi nzito ya kuzizamisha, kisha akazikokota polepole juu ya kaunta. Zikanasa mkono wa shati la muuzaji. Mzee akaridhika. Hapo tukaelewa kwamba hatafuti samaki.

"Ni nani, baba?" muuzaji akauliza.

"Mwanangu. Alikuwa anavusha ng'ombe."

"Anaitwa nani?"

"Kwetu, aliyechukuliwa na maji hatajwi mpaka aonekane. Ukimtaja, umeshamzika."

Sisi mabingwa wa kuchagua vifaa tukamfuata mtoni bila ushauri wowote. Siku tatu alirusha na kuvuta. Alipata matawi, gunia na kandambili isiyo ya mwanawe. Jioni ya tatu akauzungusha mshipi taratibu kwenye kijiti, akaziweka ndoana mchangani, akayatazama maji.

"Masanja," akasema.