Kodi Inalipia Mlango

Iko siku moja hainitoki kichwani kila nikiona kaimati, mwanangu, na vile kaimati ziko kila kona ya huu mtaa, basi hiyo siku hainipi likizo.

Usicheke vile nakuita mwanangu. Najua ndevu zangu bado ziko kwa mkutano, hazijaamua kama zitatoka. Lakini nimesikia wazazi wako wanataka kupangisha hiyo nyumba yenu, nyinyi muhamie vyumba vya nyuma ndio karo ipatikane, na nimekuona umenuna kama mbuzi wa Kiamaiko ameona kisu. Kwa hayo mambo mimi ni mzee, tena mzee wa kanisa. Huko nyuma nilifika kabla yako. Kaa hapa nikuambie.

Nyumba yetu unaijua, ile ya mlango wa kijani hapa Umoja. Babu yangu alikuwa mtu wa reli. Aliilipia polepole mpaka ikawa yake, halafu akajenga vyumba viwili vya mabati huko nyuma. Alipotuacha tulibaki watatu: mimi, dadangu Nafula aliyekuwa kidato cha tatu, na Kukhu. Kukhu ndiyo bibi kwa Kiluhya, na wetu alikuwa mdogo wa mwili lakini akiita, hata watu wa steji ya matatu walikuwa wanageuka. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la nane, na pesa ya masomo yangu ikamalizikia hapo pia. Ya watu wawili haingetosha. Nafula alikuwa na kichwa, mimi nilikuwa na mdomo, na mdomo hauhitaji karo.

Kukhu alipiga hesabu mpaka hesabu ikaomba poo. Akatuita akasema, "Nyumba ya mbele iende kazi. Sisi tutalala nyuma. Apandaye ngazi hushuka, na afadhali sisi tunashuka tukiangalia miguu."

Tukahama. Kuhama yenyewe ilikuwa kuvuka kamba ya nguo.

Mbele wakaingia Musa na Halima, watu wamefunga ndoa juzi. Musa alikuwa anauza mapazia Eastleigh, na Halima alikuwa anapika kaimati na viazi karai za oda. Watu wapole. Walikuwa wanalipa kodi kabla mwezi haujapiga miayo.

Na hiyo kodi, mwanangu, Kukhu aliigawa na roho ngumu. Nyumba ndiyo ilikula kwanza. Bomba likivuja kwa Halima, fundi alilipwa kabla sisi hatujanunua unga. Nikamuuliza, "Kukhu, sasa tunalisha bomba?" Akaniambia, "Ng'ombe unayemkamua humnyimi nyasi." Baada ya nyumba ilikuwa karo ya Nafula, halafu dawa yake Kukhu ya presha, na matumbo yetu ndiyo yalikuwa mwisho wa laini. Siku ya sherehe tulinunua kichwa cha mbuzi Kiamaiko, tukachemsha supu. Nyama choma ya soko la Burma tulikula moshi tu, tukipita upande ule upepo unaenda.

Shida ilikuwa mimi. Unajua kulala nyuma ya nyumba uliyozaliwa ni kitu inakula mtu? Unasikia watu wanacheka sebuleni kwenu. Unanusa chapati zinatoka jikoni kwenu na hujaitwa. Methali inasema nyumba usiyolala ndani huijui hila yake, lakini hiyo nyumba mimi nililala ndani maisha yangu yote. Nilijua mpaka dirisha gani halifungi. Kwa hivyo kichwani mwangu hakuna mtu alikuwa amehama.

Sasa, stima yetu na yao ilikuwa mita moja, na ile kimashine ya kuweka tokeni ilikuwa kwa ukuta wa sebule yao. Kukhu akinunua tokeni, mimi ndiye nilikuwa natumwa kwenda kuingiza namba. Nilikuwa napita mlango wa jikoni, sibishi, nasukuma tu. Nikipita hapo mezani, kama kuna sahani ya kaimati, mkono wangu ulikuwa unasalimia. Jina langu ni Wanjala, jina la mtu aliyezaliwa wakati wa njaa, na nilikuwa nalifanyia kazi.

Sasa hiyo siku nikasukuma mlango kama kawaida. Halima alikuwa ameinama kwa beseni pale jikoni, anaosha nywele, kichwa wazi, kanga mabegani, mgongo kwangu. Mwanangu, huyo ni mwanamke ambaye hata kuanika nguo alikuwa anajifunika vizuri kwanza. Mtu mwenye akili angerudi nyuma polepole. Mimi nikachukua kaimati mbili, nikaweka moja mdomoni, nikamwambia, "Endelea tu. Mimi ni wa hapa."

Ile nduru alipiga, hata kuku wa jirani walijibu.

Jioni Musa akaja nyuma. Nilitaka anitukane, ningejua la kujibu. Hakunitukana. Alisimama mlangoni akasema, "Shikamoo, Kukhu."

"Marahaba, mwanangu."

"Kukhu, wewe ni kama mama. Sina neno na wewe. Lakini mke wangu leo ameshinda amejifungia chumbani. Mwezi ukiisha tutatoka."

Mimi hapo nikatoa mdomo wangu mrefu. "Si niliingia tu kuweka tokeni? Na hii si ni kwetu?"

Kukhu hakuniangalia. Alimwambia Musa, "Nimesikia, baba," na Musa akaenda.

 Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na Nafula alikuwa ameanza kupanga sanduku lake. Hakuniambia kitu. Alianza kutoa vitabu kwa sanduku kimoja kimoja, akivirudisha chini ya kitanda. Mwanangu, mimi nimetukanwa na makanga wa matatu, nimetukanwa na mama mboga, lakini hakuna tusi limewahi kuniingia kama kile kimya cha vitabu.

Nilingoja Kukhu atafute mwiko anipige. Akajitanda leso, akasema, "Wanjala, vaa viatu. Twende."

"Wapi?"

"Mbele."

Hatukupita jikoni. Tulizunguka nyumba nzima mpaka ule mlango wa kijani wa mbele. Manyunyu yalikuwa yameanza. Kukhu akasimama, miguu pamoja kama mtoto wa parade, akaita, "Hodi."

Kimya.

"Hodi."

Nikamwambia, "Kukhu, tunanyeshewa. Huo mlango haujafungwa, ukisukuma tu unafunguka. Na ni nyumba yako."

"Rangi ya huu mlango nilipaka mimi," akasema, akiangalia mlango wala si mimi. "Babu yako alinishikia ngazi. Miaka hiyo yote sijawahi kusimama hapa nje nikingoja. Acha ningoje nijue mgeni husikia aje."

Maji yalikuwa yanamtiririka kwa uso na hakupangusa. Akaita ya tatu. Ndani Halima akajibu polepole, "Karibu." Kukhu hakuingia. Akauliza, "Mko tayari, mama, ama tusubiri?" Tukasikia miguu, tukasikia mlango wa chumba, halafu Musa ndiye akatufungulia.

Ndani Kukhu hakukaa mpaka alipoonyeshwa kiti. Tena hakuenda pale karibu na dirisha alipokuwa anakaa na babu. Alikaa hapo mlangoni, kwa ncha ya kiti, kama mtu amekuja kuomba sukari. Nikamwangalia hivyo, mwenye nyumba, kwa ncha ya kiti, na mdomo wangu ukakosa kazi.

Akafungua fundo la leso. Nilidhani anatafuta hela. Akatoa ufunguo, ule wa pili wa nyumba, akauweka mezani.

"Huu nilikaa nao na hamkujua," akasema. "Huyu mtoto alijifunza kwangu. Mimi ndiye sikuwa nimehama. Watoto wangu, ukuta ni wangu na mabati ni yangu, lakini mtu akilipa kodi amelipia mlango. Mlango ni wenu. Mkitoka sitawalaumu, na mkikaa hakuna mtu wa kwangu atapita hapa bila kuitikiwa." Halafu akanigusa na kiwiko. Kiwiko chake kilikuwa na mfupa mwingi.

Nikasema, "Dada Halima, nisamehe. Bwana Musa, pia wewe." Nikaongeza, "Na zile kaimati mbili," kwa sababu dhamiri ikianza kusafisha inasafisha mpaka uvunguni.

Halima hakucheka. Musa akasema watafikiria. Tukarudi nyuma.

Mwanangu, huo mwezi uliobaki ulikuwa mrefu kama foleni ya maji. Nilikuwa nasikia mkokoteni barabarani roho inaruka, nadhani umekuja kubeba kitanda chao. Tokeni ilipoisha niliandika namba kwa karatasi, nikapiga hodi, nikaipitisha chini ya mlango, nikarudi. Nikiwa nimefika kamba ya nguo, taa zikawaka. 

Mwezi ukaisha. Asubuhi tulikuwa tunakunywa chai ya rangi, Nafula na sanduku lake tupu, mara tukasikia nje, "Hodi huko nyuma!"

Sisi watatu tukaangaliana. Kutoka tuhamie huko nyuma hakuna mtu alikuwa amewahi kutupigia hodi. Watu walikuwa wanachungulia tu kwa pazia. Kukhu akaweka kikombe chini, akanyoosha leso, akaitikia kwa ile sauti ya steji, "Karibu, mama!"

Halima akaingia na bahasha ya kodi kwa mkono mmoja, na mwingine sahani imefunikwa. Kodi akampa Kukhu. Sahani akaniangalia nayo. "Wa Hapa yuko?"

"Yuko," nikasema, macho chini.

"Basi Wa Hapa ale zake, aache kusumbua za oda."

Nafula akaanza kucheka, akicheka huku anavuta vitabu chini ya kitanda. Mpaka wa leo hilo ndilo jina langu kwa hiyo familia, Wa Hapa, na watoto wao wananiita Anko Wa Hapa.

Walikaa mpaka Nafula akamaliza shule na Kukhu akamaliza madeni yote ya dunia. Wakapata pao, wakahama kwa amani, na Halima akarudisha funguo zote mbili. Hiyo siku nilikuwa sebuleni nafagia, nyumba tupu inalia mwangwi. Nikasikia nje, sauti ya chini, si ile ya steji, "Hodi."

Nikatoka kuangalia. Kukhu alikuwa amesimama kwa mlango wa kijani, peke yake, funguo mkononi, miguu pamoja. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Alikuwa anangoja.

Nikashindwa kufanya mzaha. Nikasema, "Karibu, Kukhu. Karibu kwako."

Ndio akaingia. Akaenda akasimama pale dirishani, na akasimama sana.

Sasa wewe, nikuachie haya. Mkihamia nyuma usinune, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mama yako akilipa fundi kabla ya kununua nyama, usimwite mchoyo, anakununulia kitabu kwa njia ya kuzunguka. Kodi ni ya kulisha nyumba na kusomesha watoto, si ya kuonyesha mtaa kwamba hamjashuka. Na huo mlango wenu, siku mpangaji anaingia, uuage vizuri, halafu ujifunze kuupigia hodi. Utaona uchungu mara ya kwanza. Mara ya pili utaona umekua.

Haya enda, usaidie kubeba vitanda. Mungu awape mpangaji wa kulipa bila kukumbushwa, na mabati ya nyuma yasivuje. Popote utabisha maishani, mwanangu, usikose wa kukuambia karibu.

Na ukiona kaimati mezani kwa watu, mikono mfukoni.