Samaki wa Kuchoma Chini ya Taa ya Bustani

Nikikumbuka jioni ile masikio yanapata moto hata leo, lakini acheni niwasimulie mwenyewe, maana mke wangu Furaha huisimulia vibaya zaidi.

Tulikuwa bado wachumba. Wazazi wake wameshuka kutoka Rurambo kuniangalia, wamefikia kwa shangazi yake hapa Uvira, na kwao mchumba hali chakula mbele ya wakwe kabla hajakubaliwa, kwa hiyo tangu asubuhi kila sahani iliyopita nilisema nimeshiba (tumbo linanguruma, mimi nakohoa kulifunika). Jioni Papa, baba yake, akasema twende kando ya ziwa waone taa za sola nilizofunga kwenye bustani ya watu wote. Nikasema natangulia kuzikagua. Uongo mtupu! Nilinunua mukeke wa kuchoma, samaki mzima, nikajificha kwenye benchi la mwisho.

Sasa taa zile nilizipanga mwenyewe: mtu asiposogea zinafifia kutunza batri, akisogea zinawaka kabisa. Nikajiambia, fundi ni mimi, nitakula bila kutikisika, nani ataniona? Na kweli nilikula vizuri, gizani, taratibu, mpaka nikaona taa za njiani zinawaka moja baada ya nyingine zikija upande wangu, nikajua ndio wao, nikameza haraka, mwiba ukanikwama, nikakohoa kwa mwili mzima, na taa yangu ikawaka pwaa! Wakanikuta kichwa cha samaki mikononi, mafuta mpaka kidevuni. Furaha akafunika uso kwa kitenge. Nikawaza, basi, nimempoteza kwa ajili ya samaki.

Papa hakucheka. Aliitazama taa.

"Hii taa inapungukaka namna gani?"

"Kama hakuna muntu anasogea, Papa," nikajibu, machozi ya mwiba yananitoka.

"Basi tusimame."

Wakasimama wote, shangazi, Furaha, hata mama mkwe akashika pindo la kitenge chake upepo usilipeperushe. Taa ikafifia polepole mpaka nyuso zikapotea.

"Weye kula, mwana wangu," Papa akasema gizani. "Sisi hatuone kitu."

Machozi yakanitoka tena, na safari hii hayakuwa ya mwiba.

Niliapa sitakwenda tena kwa wakwe na njaa. Papa hajalitaja jambo lile tena, hata siku ya harusi watu walipotaniana, na kwa hilo nampenda mno.