Harusi na Matanga Chini ya Jengo Moja

Ukimuuliza Bi Zaharah kwao ni wapi, alikuwa akinyoosha kidole dirishani, baharini kwenye matangi ya mafuta. "Kule." Kule hakuna nyumba tena. Serikali ilikitaka kile kisiwa chao kidogo, wakahamishiwa huku kwenye maghorofa. Mtu kazeekea ghorofa ya kumi na moja, na bado sisi majirani alituita "watu wa huku". Iliniudhi, sifichi.

Mwaka huu alimwoza kitindamimba wake, Suryani. Singapuri ardhi ni haba kama mate ya mwenye kiu, kwa hiyo Wamalay huoza na Wachina huaga maiti wao mahali pamoja, ile sakafu ya wazi chini ya jengo. Harusi ilikuwa Jumapili. Alhamisi kabla yake akafariki mzee Boon Hock, mume wa Geok Lan, jirani wa mlango kwa mlango aliyemlea Suryani wakati mama mtu akipika kantini. Mzee wa heshima kama yule, Wachina humkalia siku tano kabla ya kumtoa. Jeneza na bibi harusi sakafu moja!

"Kibali cha Jumapili ni chako," wifi yake Bi Zaharah alimwambia. "Kawaambie wasogee."

"Nimwambie mfiwa asogeze maiti yake? Una wazimu?"

Lakini wageni walishaalikwa, na pa kuhamia hapakuwepo. Akateremka matangani, akachukua mezani uzi mwekundu wa kukinga nuksi, kama tunavyofanya sote, akaketi. Akawa anauzungusha ule uzi kidoleni.

"Zaharah," akasema Geok Lan, "tangu lini wewe ukanyamaza hivi?"

"Nimekuja kukupa pole, dada."

"Pole nimepokea. Hilo lingine lisikunyime usingizi. Tunamtoa Jumamosi."

"Jumamosi? Wanao watasemaje?"

"Nimeshawaambia: baba yenu kambeba Suryani mgongoni hajaota hata meno. Leo ndiyo amzibie njia? Tena matari yenu alikuwa hayapendi. Bora aondoke mapema."

Bi Zaharah alicheka na kulia kwa pamoja. Nilikuwa nimeketi nyuma yake, nikampa leso yangu.

Jumapili matari yalirindima. Geok Lan hakushuka, maana kwa mila yao mfiwa haingii harusini. Basi Bi Zaharah akawanyamazisha wapigaji, akamshika Suryani mkono na mapambo yake yote, akampeleka kwenye maegesho ya magari. "Inua uso, mwanangu. Mama yako mkubwa akuone."

Juu kwenye baraza Geok Lan alikuwa ameegemea ukuta, anapunga mikono yote miwili. Suryani alipunga mpaka wanja ukamtiririka.

Tulipokuwa tukila wali wa samli, shangazi wa bwana harusi akauliza, "Bibi, nasikia nyinyi ni watu wa visiwani. Kwenu hasa ni wapi?"

Nikajua kidole kinaelekea baharini. Kikapanda juu.

"Pale," akasema Bi Zaharah. "Mlango unaotazamana na wa Geok Lan."