Maji Baridi ya Vyura Wangu

Wenzangu hapa Makole wanafuga kuku wa mayai. Mimi nilifuga vyura, tena wadogo hasa, mmoja anaenea juu ya ukucha wa kidole gumba. "Kipenda roho hula nyama mbichi," mke wangu alikuwa akinicheka. Na acheke. Niliwapenda, basi.

Niliwatoa Busi, kwenye kidimbwi nyuma ya shamba la shangazi. Kwingine nimetafuta mpaka nikachoka, sijawaona. Nilipokwenda tena kuongeza wengine, nikakuta kidimbwi kimefukiwa, pamepandwa alizeti. Nilikaa chini palepale, shangazi akadhani nimeumwa na nge.

Kwa hiyo waliobaki ni hawa wangu, kwenye tangi la kioo sebuleni. Na mvua za mwaka huu, kwa mara ya kwanza, jike akataga. Mayai yakawa viluwiluwi. Jamani, nilikuwa nawajulia hali wao kabla ya watu!

Maji ya kisima chetu yana chumvi, na chumvi inamuua chura. Nikawa nawanunulia maji baridi, naweka dumu pembeni ya tangi. Kwetu maji baridi ni yale yasiyo na chumvi, hata kama yamepigwa na jua mchana kutwa.

Nikapata msiba Kondoa, nikaondoka mke yuko kazini. Nyumbani alikuwepo mama mkwe, amekuja kututembelea kutoka Njombe. Huko maji yote ni matamu. Nikampigia simu.

"Shikamoo, mama. Naomba uwaongezee wale vyura maji baridi."

"Marahaba, baba. Usijali."

Niliporudi, tangi limejaa, kimya. Viluwiluwi wako chini, hakuna anayetikisa mkia. Jike nilimgusa, hakusogea. Na wale wengine pia.

"Mama, maji umetoa wapi?"

"Lile dumu nililigusa, lina joto. Nikachota kisimani, nikayaweka kwenye friji mpaka yakapoa kabisa. Ona wanavyolala raha!"

Nilitaka kupiga yowe. Sasa nani anampigia yowe mama mkwe? Nimesimama mbele yake na adabu zangu. Busi ni alizeti. Hakuna pa kuanzia tena, hakuna.

"Ahsante, mama," nikasema.

Akafurahi. "Basi jioni nitawaongezea mengine."